Kisigino cha Mkurugenzi

Kwanza ulisikika mkwaruzo. Mkwaruzo ukafuatwa na mluzi mkali uliowatia hasira kuku waliokuwa kwenye matenga yao, kisha ikaja sauti: "Tangazo! Tangazo! Tangazo!" Watu wa Kariakoo wakageuza shingo kutafuta inatoka wapi.

Ilikuwa inatoka kwangu. Nilisimama juu ya kreti la soda, kipaza sauti mkononi, tai shingoni, na jua lote la Bongo likinitazama kwa heshima.

"Wananchi mnatangaziwa kwamba kuanzia leo, saa nne kamili asubuhi, kumbukumbu zote zilizomo vichwani mwenu ni mali ya umma. Kila mwenye kumbukumbu aisalimishe katika Kurugenzi ya Kumbukumbu ya Pamoja, Posta, ghorofa ya saba, kabla ya Ijumaa. Atakayekutwa anakumbuka baada ya hapo atakuwa anakumbuka kinyume cha utaratibu."

"Lifti inafanya kazi?" akauliza muuza vyombo mmoja.

"Lifti iko kwenye mchakato," nikamjibu.

Mimi ni Tarsis, Afisa Kumbukumbu Daraja la Pili. Nilikuwa na wiki tisa kazini, na hakuna mtumishi aliyenizidi siku. Mwongozo wetu unakataza mtumishi kukaa zaidi ya miezi mitatu, asije akajenga mazoea na anachokumbuka. Ni Mkurugenzi wetu tu, Ndugu Elisaria, aliyekuwa na miaka mitatu, kwa sababu yeye ndiye aliyeuandika mwongozo.

Jambo lililonipandisha juu ya kreti lilikuwa Soko la Mabati. Ni soko dogo, limejibanza nyuma ya maduka ya jumla, lina vizimba mia moja na kumi na viwili. Lilifungwa kwa matengenezo miezi kumi na minne iliyopita, na wafanyabiashara wakaahidiwa kwamba likifunguliwa, kila mtu atarudi kwenye kizimba chake. Daftari linaloonyesha nani yuko wapi tulikabidhiwa sisi tulitunze.

Naomba nisahihishe uvumi hapa. Daftari halijapotea. Limehifadhiwa. Limehifadhiwa kwa usalama wa hali ya juu mno, mahali ambapo hata sisi hatupakumbuki. Mwizi ataanzia wapi?

Kwa hiyo tukaendesha Zoezi la Kuwianisha Kumbukumbu. Kila mfanyabiashara alipanda ghorofa saba, akajaza fomu, akaandika alikuwa kizimba namba ngapi, akaambatisha barua ya kizimba kama kielelezo. Barua hizo tulikuwa tumezikusanya mwaka jana tukaziweka pamoja na daftari, kwa hiyo hakuna aliyekuwa nayo. Fomu zilikuja mia tatu na arobaini. Namba nane peke yake ilikumbukwa na watu kumi na tisa.

Wasio na elimu ya utawala wangekata tamaa. Sisi tuliziingiza namba zote kwenye kompyuta tukachukua wastani. Jumatatu majibu yakatoka, safi, hayana mgongano hata kidogo: kila mfanyabiashara wa Soko la Mabati alikuwa kwenye kizimba namba hamsini na sita na nusu.

Mkurugenzi aliyasoma majibu hayo, akaniita.

"Unaona, Tarsis? Hawa watu hawakumbuki kitu. Tutagawa upya, kwa haki mpya."

Jumanne orodha ya haki mpya ikawa tayari. Ingesainiwa Ijumaa, na ikishasainiwa haifunguliwi tena. Kizimba namba moja, kilichoko getini upande wa kulia, ambapo kila anayeingia sokoni lazima apite, kilikwenda kwa mwombaji mwenye kumbukumbu safi kuliko wote. Kumbukumbu yake haikugongana na ya mtu yeyote, kwa kuwa hakuwahi kukanyaga soko hilo. Alikuwa shemeji wa Mkurugenzi. Huo ulikuwa uhusiano tu, haukuwa sababu.

Nikatumwa kupeleka barua kwa aliyekuwa akijidai ni mwenye kizimba hicho, Bi Hajira, mama wa Kilwa anayeuza korosho. Nilimkuta Jumatano mchana kwenye baraza la duka la mapazia, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, sinia la korosho magotini, mguu mmoja ameutanguliza juani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutusahau rasmi, au bado mnatusahau kienyeji?"

"Nimeleta barua. Kizimba namba moja kimepata mtu mwenye kumbukumbu safi. Ijumaa unatakiwa Posta, usaini kwamba umeridhika."

"Nimeridhika na nini?"

"Hilo utajaza mwenyewe. Tumeacha nafasi ya mistari miwili."

Aliichukua barua, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya ukingo wa ndoo uliokuwa ukicheza. Ndoo ikatulia.

"Sikiliza, mwanangu. Kile kizimba nilikiingia nina mimba. Aliyekuwa tumboni sasa naye analea. Miaka ishirini na miwili watu wa kwetu wakishuka kwenye mabasi yao wanaambiwa, nenda Soko la Mabati, ukifika getini tazama kulia. Mgonjwa amelazwa, hajulikani wodi gani, wanakuja kuniuliza. Binti katoroka, wanakuja kuniuliza. Sasa wanafika, wanatazama kulia, wanaona ukuta, wanarudi zao. Korosho nitauza popote, hata juu ya ndoo. Lakini mtu akinitafuta asinione, nitakuwa nipo wapi?"

Nikaandika kwenye daftari langu: Mdau ameonyesha hisia.

Hapo ndipo ilipotokea sauti nzito nyuma yangu. "Mzigooo! Pisha, pisha! Mzigo hauna macho!" Niliruka pembeni. Akapita mzee amejikunja kama herufi, gunia la maharage limemlalia shingoni, uso unatazama lami. Alipofika mbele ya ndoo akasimama bila kuinua kichwa hata nukta moja.

"Bi Hajira, za tangu asubuhi?"

"Njema, Mrisho. Mgongo?"

"Upo, haujanikana."

Nikamuuliza amejuaje ni Bi Hajira na hajamwona.

"Nimemwona vizuri sana," akasema Mrisho. "Kidole gumba cha kulia hakina kucha. Kaka, mimi miaka thelathini nabeba mizigo Soko la Mabati. Ukinionyesha sura za wale watu simjui mtu. Ukiwa na gunia shingoni huoni sura, unaona miguu. Soko lile nalijua kuanzia magotini kushuka chini."

"Na mnajuaje pa kushusha?"

"Tunaimba. Kila kizimba na mguu wake, kwa mpangilio. Ukikosea mstari, umeshusha mchele kwa fundi saa." Akaanza kuimba pale pale, akipiga hatua bila kusogea:

"Kidole gumba hakina kucha, hapo kwa Hajira.
Ndala nyekundu ya kamba, kwa Beno wa maharage.
Kisigino chenye nyufa, kwa Sofia wa vikombe.
Soksi mbili mbalimbali, kwa Ridhiwani wa chumvi."

"Inaendelea?"

"Mpaka choo cha nyuma."

Mimi ni mtu wa fani. Niliandaa hapo hapo Jaribio Shirikishi. Tuliomba ufunguo kwa mlinzi, wafanyabiashara tukawaita kutoka mabaraza ya jirani, wakaingia sokoni wakachanganyika ovyo, kisha Mrisho akaanzia getini na gunia lake, anaimba, nyuma yake kila mtu aliyeitwa anasimama mahali pake. Beno na Sofia, ambao wana mgogoro wa mpaka wa miaka kumi na mmoja, walisimama bila neno, kila mmoja akitazama vidole vyake kwa aibu. Tulimaliza kwa dakika ishirini. Hakubaki mtu, hakikubaki kizimba.

Alibaki mmoja, kusema kweli. Shemeji wa Mkurugenzi alikuwa amekuja siku hiyo kupima namba moja kwa futi, achague rangi. Mrisho aliporudi kutoka mwisho wa soko alikuta viatu vyake vya visigino virefu pembeni ya kidole cha Bi Hajira.

"Hii miguu migeni," akasema. "Karibu, dada. Unatafuta nini?"

"Natafuta geti," akasema shemeji, akiwa amesimama ndani yake.

Nilipanda ghorofa saba nikiwa na furaha ya kitaaluma. Mkurugenzi alinisikiliza hadi mwisho, vidole vyake vimekutana juu ya meza. Ilikuwa meza kubwa ya mninga, pana kuliko chumba nilichopanga Kigogo.

"Tarsis. Soko la umma haliwezi kupangwa kwa vidole vya miguu."

"Lakini hakuna aliyebisha, Mkurugenzi. Hata mmoja."

"Hilo ndilo linalonitia shaka. Kumbukumbu halali lazima ibishaniwe. Hii ni njama."

Jioni hiyo ukatoka Waraka Namba Nne, nami nilikuwa na heshima ya kuupiga chapa: Kumbukumbu yoyote ya mbeba mizigo, iwe ya kuimbwa au ya kusemwa, ni uvumi, na ni marufuku kuitoa kama ushahidi katika ofisi yoyote ya Kurugenzi. Tukaubandika ukutani, kwenye ngazi za ghorofa ya nne.

Alhamisi asubuhi akaja Bi Josepha kutoka Dodoma. Alikuwa mhakiki wa watumishi, mama mwembamba, miwani imening'inia kwa kamba, anaongea kama mtu anayesoma bei. Kazi yake ilikuwa moja: kuhakikisha kila anayelipwa na serikali ni mtu na si hewa. Alituhakiki wote tuliokuwepo kwa nusu saa, maana barua zetu za uhamisho hazikuwa zimepata hata muda wa kupotea. Kisha akageukia meza ya mninga.

"Jalada lako, Mkurugenzi."

"Limehifadhiwa."

"Wapi?"

"Pamoja na nyaraka nyingine muhimu za soko. Kwa usalama."

"Ndiyo. Wapi?"

Mkurugenzi alinitazama. Nikatazama dari. Dari nayo ilikuwa mpya, haikujua lolote.

"Basi kwa leo," akasema Bi Josepha akiandika, "wewe ni mtumishi hewa."

"Mimi? Mama, mimi si niko hapa mbele yako!"

"Hewa pia iko mbele yangu."

Akatueleza utaratibu. Asiye na jalada hupewa nafasi moja: alete mtu aliyemwona akiingia kazini siku ya kwanza. Mtu huyo akimtambua, mambo yamekwisha. Asipopatikana hadi Ijumaa adhuhuri, mshahara unasimama, ofisi inafungwa, na saini zake zote za miaka mitatu zinaanza kuchunguzwa.

Tukatafuta. Watumishi? Mkongwe wao nilikuwa mimi. Walinzi? Kampuni ilibadilishwa mara nne. Mama wa chai alianza Jumatatu. Mkurugenzi alikuwa amejenga ofisi kamilifu, ofisi isiyojua chochote kuhusu mtu yeyote, na sasa alikuwa anaizunguka kama mtu aliyejifungia nje ya nyumba yake.

Saa tisa alasiri akasimama ghafla, akapiga meza kofi.

"Hii meza! Hii meza kuna mtu aliipandisha siku ile. Mbeba mizigo wa Kariakoo. Mzee, amejikunja."

"Mrisho?" nikasema.

"Kimbia, Tarsis."

Nikakimbia na tai yangu hadi Kariakoo. Mrisho alinisikiliza akiwa chini ya boksi la vigae, akasema atakuja Ijumaa saa nne, kwa kuwa Bi Hajira naye ameitwa siku hiyo hiyo, watafuatana. Hawakufuatana wawili. Saa nne ya Ijumaa ngazi zetu zilijaa Soko la Mabati zima, kuanzia chini hadi ghorofa ya pili, na wabeba mizigo wenzake Mrisho wamekaa kwenye vidato wanakula korosho.

Bi Josepha alimsimamisha Mrisho uso kwa uso na Mkurugenzi.

"Unamjua huyu?"

Mrisho akamtazama vizuri. "Hapana, mama. Simjui kabisa."

"Mzee wangu!" Mkurugenzi alipiga kelele. Hakuwahi kumwita mtu mzee wangu tangu nimfahamu. "Nitazame vizuri!"

"Ndiyo nakutazama, bosi. Tatizo ni hilo. Siku ile meza ilinilaza shingo mpaka kidevu kikagusa kifua. Wewe ulitangulia, mimi nyuma. Ghorofa saba nzima sikuona kitu ila visigino vyako. Viatu vilikuwa vipya, vilikubana, ulipokanyaga ngazi ya kwanza tu ukavivua ukavishika mkononi."

Kicheko kilishuka ngazi kwa ngazi mpaka barabarani.

"Irudiwe," akasema Bi Josepha. "Vilevile."

Meza ikateremshwa hadi mlango wa chini. Vijana wanne waliishika, Mrisho akajiingiza chini yake, ikamkaa shingoni, kichwa chake kikazama. Mkurugenzi alitazama kulia, akatazama kushoto, akainama akavua viatu. Akavua na soksi. Ilikuwa mara ya kwanza wananchi wanaona miguu ya Kurugenzi, na nasema kwa uaminifu wa kiofisi kwamba ilikuwa ya kawaida tu.

Akatangulia. Mrisho akafuata, anahema. Nyuma yao Bi Josepha na kalamu, nyuma yake mimi, kisha Bi Hajira na soko lake. Ghorofa ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ghorofa ya nne, karibu kabisa na mahali tulipobandika Waraka, meza ikasimama.

"Nimemjua," akasema Mrisho kutoka chini.

Mkurugenzi akashusha pumzi iliyokuwa imekaa ndani tangu jana. "Sema basi! Mwambie mama!"

"Siwezi, bosi."

"Huwezi vipi?"

"Kuna karatasi ukutani hapo. Wenzangu wamenisomea. Ninachokumbuka mimi ni uvumi, na marufuku kuutoa hapa. Nina wajukuu, bosi, sitaki kesi."

Bi Josepha alivaa miwani, akausoma Waraka Namba Nne kuanzia kichwani hadi kwenye muhuri.

"Nani kasaini?"

"Mimi," akasema Mkurugenzi kwa sauti ndogo.

"Basi chagua. Waraka ukibaki, shahidi wako ana uvumi, na wewe ni hewa. Waraka ukiondoka, anachokumbuka mzee huyu ni ushahidi."

Mkono wa Mkurugenzi ukaenda ukutani. Aliibandua ile karatasi taratibu, kona kwa kona. Nilimpokea nikaikunja. Nililiona kama tukio la kihistoria na nikapanga kulihifadhi, kisha nikakumbuka tunavyohifadhi, nikaitia mfukoni mwangu.

Hapo Bi Hajira akapanda vidato viwili, akasimama sawa na pembe ya meza.

"Mwanangu Elisaria."

Hakuna aliyewahi kumwita hivyo ndani ya jengo lile.

"Kama Mrisho anasema kweli juu ya kisigino chako, anasema kweli juu ya kidole changu. Hawezi kuwa na akili ghorofa ya nne halafu akaipoteza getini."

"Mama, hilo ni suala jingine, lina taratibu zake, orodha iko mezani..."

"Iko juu ya meza hii?" akauliza Mrisho. "Ndiyo maana nzito."

Bi Josepha alitazama saa. Zilibaki dakika kumi na mbili kufika adhuhuri, na ghorofa tatu.

"Bosi," akasema Mrisho kwa upole, jasho linamdondoka puani, "sisi kila safari tunaiwekea mstari, ndipo tusiisahau. Ile ya kwanza niliweka mstari wa kisigino chako, chenye kovu la moto. Hii ya leo niweke upi? Nipe, tumalizie ngazi."

Mkurugenzi Elisaria akarekebisha tai, peku vile vile.

"Kurugenzi, kwa kuzingatia ushirikishwaji wa wadau, na kwa kadiri mazingira yatakavyoruhusu, itaangalia uwezekano wa..."

"Mzito," Mrisho akakatiza. "Huo haubebeki."

"Itafanya jitihada za makusudi katika kurejesha..."

"Punguza, bosi! Tunaubeba sisi!" wakapiga kelele wabeba mizigo kutoka chini.

"Itarejesha kizimba kwa mhusika."

"Mhusika nani? Mimi na meza shingoni, mhusika nitamjuaje? Na nani anayerejesha? Hiyo Kurugenzi ina miguu?"

Mkurugenzi alinitazama nimsaidie neno la kiofisi. Nilipekua kichwa changu chote, sikuwa nalo. Kwa mara ya kwanza aliwatazama wale watu mmoja mmoja, sura zao, kisha akamgeukia Bi Hajira. Alikuwa kidato kimoja juu yake na bado alionekana mfupi.

"Nakurudishia kizimba chako," akasema, kwa sauti ya mtu anayeongea na kola ya shati lake.

"Hatujasikia huku chini!"

Akavuta pumzi. Akasema tena, kwa sauti iliyoteremka ghorofa nne ikatokea mlangoni, hadi madereva wa bajaji wa Posta wakageuza shingo kutafuta inatoka wapi:

"Hajira, nakuahidi, kizimba chako ni chako! Kesho asubuhi njoo, nitakupa ufunguo!"